Plagi ya Silinda ya Tatu

Fundi Mbonde alizikwa Kilwa Kivinje siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, na mimi nilifika saa kumi, udongo ukiwa bado mbichi. Zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kivinje wakati wa mvua ilikuwa safari ya siku mbili. Sasa ni lami tupu, na bado nilichelewa, kwa sababu kijana mmoja alikuwa ameniachia gari lake gereji na sikuweza kuondoka injini ikiwa wazi. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia chumba cha wanawake na kukaa mkekani kando ya Bi Mwanaidi, mjane wake. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, lakini sauti yangu aliitambua kabla sijamaliza salamu. "Zuhura," akasema, "umekula?" Nyuma yangu mabinti wawili walinong'onezana. "Ndiye yule mwanamke fundi?" "Ndiye. Yule wa plagi." Niliinamisha kichwa. Miaka arobaini imepita, nimefungua na kufunga injini zisizo na idadi, na katika nyumba ile mimi bado ni yule wa plagi. Basi bora niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana aliyekuwa akinisemea amelala.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha ufundi wa magari, na nilikuwa nimepokewa kuwa mwanachama wa saba wa ushirika wa mafundi pale Kivinje, mwanamke peke yangu. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni tulipanga foleni, sukari tuliisikia kwenye redio, na chai ya Bi Mwanaidi tuliinywa kwa mchaichai na chumvi kidogo ili ulimi usahau. Nilipanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya Fundi Mbonde. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la kutazama ua, na ukuta wa udongo mwembamba kiasi kwamba nilijua ni saa ngapi mzee anakohoa na saa ngapi anasali sunna. Jioni tulikula uani: ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, na msimu wa ming'oko ukifika, sahani nzima ya mizizi hiyo ya porini, ya kuchemsha na chumvi. Mzee alikula polepole huku akizungumza habari za magari kama watu wengine wanavyozungumza habari za jamaa zao. Alikuwa Mmatumbi wa Kipatimu, mrefu, mkavu, na kila alipokasirika Kiswahili kilimponyoka na Kimatumbi kikachukua nafasi yake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma plagi. Shuleni walinifundisha kwamba plagi ni kitu cha kutoa cheche ndani ya silinda ili petroli ishike moto, na kwamba ikichakaa hubadilishwa. Fundi Mbonde alizichomoa plagi nne za lori la kijiji, akazipanga juu ya gunia, akaniuliza, "Haya, zinasemaje?" Sikuona kitu. Akanionyesha: ncha yenye rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, ni injini yenye afya, nyeusi yenye masizi inapata petroli nyingi mno, nyeupe kama mfupa inaungua. Akanionyesha jinsi kingo za ncha zinavyoliwa na cheche siku hadi siku mpaka zinakuwa za mviringo, na pengo kati yake linapanuka, na cheche inachoka kuruka. Plagi mpya hazikuwapo, kwa hiyo za zamani tulizisugua kwa brashi ya waya, tukazichoma juu ya jiko la mkaa masizi yaishe, tukagonga ncha taratibu pengo lipungue, tukazirudisha. Kuna plagi moja ya lori lile nadhani niliisafisha mara tisa. Leo vijana wananiletea magari yao yaliyoongezwa nguvu na kunishangaa ninapoichukua plagi yao ya zamani na kwenda nayo kwenye mwanga kabla ya kuitupa. Wao wana kompyuta ya kuwaambia. Mimi hadi leo sijajua kuitupa plagi kabla sijaisoma.

Mwezi wa sita, barabara zilipoanza kukauka, akaja Nadir. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa pale Kivinje, na nyumba yao ya ghorofa moja ilikuwa bado ina shangazi yake. Yeye alikulia Dar es Salaam akishindana mbio za magari. Alikuja kufanya mazoezi kwenye njia mbaya za kwetu, akileta gari jeupe, fupi, lenye magurudumu mapana, ambalo watoto walilikimbilia kama kwamba ni ndege imetua. Ndani yake mlikuwa na kitu ambacho hata Fundi Mbonde alikuwa amekisikia tu: turbo. Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, ili petroli nyingi zaidi iungue kwa mara moja. Nadir alikuwa ameongeza msukumo ule kupita ulivyotoka kiwandani. Mzee alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akauliza swali moja tu. "Plagi zinadumu muda gani?"

Nadir akacheka. "Hapo ndipo umenishika, Fundi. Safari tatu, nne. Zikipita hapo gari linaanza kumisi, linakwenda kwa kukohoa."

Aliporudi kutoka mazoezi ya kwanza tulizichomoa, na mimi mwenyewe niliziona. Zilikuwa nyeupe, na moja ncha yake imeyeyuka ikafanya tone. Mzee alinieleza pale pale, akiwa amechuchumaa. Gari la namna hii linataka plagi baridi, ile ambayo inapeleka joto nje upesi, maana plagi ya kawaida inageuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya wakati. Na pengo lake lazima libanwe, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa vile inaizima cheche ndefu, mithili ya mtu anayepuliza kibatari. Nadir alikuwa nazo plagi baridi, lakini zilibaki nne tu, mpya, kwenye kijiboksi alichokifunga kwa leso. Mashindano yalikuwa baada ya wiki mbili. "Hizi ndizo za mwisho," alisema. "Nimeandika barua nje, hazitafika." Fundi Mbonde alikipokea kijiboksi kwa mikono miwili, akaniita, akanikabidhi mimi. Wenzetu watano walikuwa wanatazama.

Nilijua kwa nini alifanya vile. Juzi yake, baada ya alasiri, nilikuwa chumbani nikikunja nguo, nikamsikia akizungumza na mkewe upande wa pili wa ukuta. "Wanasema nimeleta binti gereji aje kuvunja vitu," alisema. Bi Mwanaidi akamuuliza, "Na wewe umesemaje?" Akajibu, "Nimewaambia akivunja, nimevunja mimi." Nilibaki na kanga mkononi, nikiwa na furaha na woga kwa wakati mmoja, na nikaweka nia kwamba mzee yule hatajuta kwa sababu yangu.

Nilibana pengo la plagi ya kwanza, nikapima kwa kibamba chembamba cha chuma cha kupimia, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu iliniteleza. Mikono yangu ilikuwa na mafuta, nami nilikuwa nasikiliza kicheko cha mtu nje. Ilidunda mara moja kwenye sakafu ya saruji, ikabingirika hadi chini ya meza. Hakuna aliyeona. Niliiokota, nikaipangusa, nikaigeuza dirishani. Kwenye ile kauri nyeupe iliyoizunguka ncha palikuwa na mstari, mwembamba kuliko unywele. Nikajiambia ni uchafu. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye petroli, mstari ukabaki. Nikajiambia tena ni uchafu. Kisha nikapima pengo, nikaifunga plagi ile kwenye silinda ya tatu, nikakaza kwa uangalifu ambao sijapata kuutumia katika kazi yoyote, kana kwamba kukaza vizuri kungeziba ule mstari. Fundi Mbonde alipouliza, "Ziko salama?" nikamjibu, "Ziko salama, Fundi."

Katika lori la kijiji plagi ile pengine ingeishi mwaka. Katika gari la Nadir iliishi asubuhi moja. Alikuwa katika zoezi la mwisho kabla ya mashindano, akipanda vilima vya kwenda Kipatimu, na pembeni yake amekaa Mwalimu Hamisi, aliyefundisha shule ya msingi Njinjo na kuzijua njia zote za Umatumbini, ambaye Nadir alimwomba wakati wa likizo amsomee kona, yaani amtajie kila moja kabla hawajaifikia. Mahali penye mwinuko mkali kauri ilipasuka. Kipande kikaanguka ndani ya silinda, kikakwangua pistoni, kikatoka na moshi na kwenda kuvunja mabawa ya ile feni ya turbo. Injini ilikufa katikati ya mlima. Gari lilirudi nyuma, breki zikawa ngumu kama jiwe kwa kuwa injini haizisaidii tena, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Nadir alitoka bila mchubuko. Mwalimu Hamisi alitolewa na wakulima waliokuwa wakitoka shamba, mkono wa kulia umevunjika mara mbili.

Gari lililetwa gereji juu ya lori. Nadir alilifungua mwenyewe, hakutaka mtu aliguse. Alipoichomoa plagi ya tatu na kuona kauri ya kwenye ncha haipo, akasimama mbele yetu wote. "Hii si plagi yangu," alisema. "Zangu zilikuwa mpya. Mtu amezibadilisha, ameuza zangu, akanifungia za zamani." Alikuwa anamtazama Fundi Mbonde. Kwa wakati ule neno hilo halikuwa dogo. Watu walikuwa wanafukuzwa kazi na kuitwa walanguzi kwa kipande cha sabuni. Mzee akaenda bombani, akanawa mikono hadi viwiko, akarudi, na kusema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia: "Wallahi, plagi zilizotoka gerejini hapa ni zile zile ulizoleta, na zilikuwa nzima." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikainama nikaendelea kukusanya spana.

Siku tatu nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini hasa. Kufukuzwa, ndiyo. Kuwapa wale watano walichokuwa wakikisubiri, ndiyo zaidi. Lakini nadhani kikubwa kilikuwa kwamba tayari alikuwa ameapa, na kila saa iliyopita ilifanya ukweli wangu uwe mzito zaidi kuunyanyua. Niliendelea kula pale uani. Siku ya kwanza Bi Mwanaidi aliniuliza kama naumwa. Siku ya pili aliacha kuuliza. Nje ya nyumba maneno yalikuwa yanatembea, na mteja mmoja wa miaka mingi alikuja akachukua gari lake likiwa limetengenezwa nusu, akalivuta hadi kwa fundi mwingine.

Siku ya tatu nilimpelekea Mwalimu Hamisi uji hospitalini. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mkono wote umefungwa hogo la plasta tangu begani hadi kwenye vidole, na alikuwa anajaribu kugeuza ukurasa wa gazeti kwa mkono wa kushoto. Tulizungumza habari za shule. Kisha akasema, bila ubaya, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Unajua, Fundi Mbonde nilimheshimu kama baba. Lakini Nadir ananiambia mambo, na mimi hapa kitandani sina kazi isipokuwa kufikiri. Nimeanza kuamini kwamba aliziuza."

Niliweka bakuli chini. "Hakuziuza," nikasema.

"Umejuaje?"

"Niliiangusha mimi. Ya tatu. Nikaona ufa, nikaifunga hivyo hivyo."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wake. Nilingoja anitukane. Alichosema ni hiki: "Umeshamwambia nani mwingine?" Nikamwambia hakuna. "Basi usianze na mimi," akasema, na kugeukia ukutani.

Jumapili ulikuwa mkutano wa wanachama. Nadir alikuwapo, na katibu wa tawi la chama pia. Nilisimama na kulisema lote, tangu sakafu hadi mstari hadi "ziko salama". Nilitegemea kelele. Nadir ndiye aliyesema kwanza, na maneno yake nayakumbuka moja moja. "Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku moja. Gari ningelipumzisha. Mwalimu angekuwa na mkono wake." Akaondoka, na baada ya siku mbili gari lake likapakiwa lori la Dar es Salaam. Hakunisamehe. Nilimwandikia mara moja, hakujibu, na sikumlaumu. Wanachama walipiga kura nikae nje ya kazi miezi miwili. Wawili walitaka nifukuzwe kabisa. Fundi Mbonde hakunyoosha mkono upande wowote.

Nilidhani nimemsafisha. Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa barazani, na nilipomwamkia aliitikia kwa shida. Kisha akasema kwa Kimatumbi maneno ambayo sikuyaelewa, na Bi Mwanaidi, aliyekuwa mlangoni, akanifasiria kwa upole: "Anasema umemwacha aape uongo mbele ya Mungu, na wewe ulikuwa umesimama pale." Kesho yake hakunywa chai asubuhi. Alikuwa amefunga. Shehe wa msikiti alikuja kumweleza kwamba hana dhambi, kwani aliapa akiamini ni kweli, na kafara ya kufunga siku tatu haimpasi. Nilikuwa jikoni nachekecha unga, nikasikia jibu lake. "Shehe, sikuapa kwa kuwa nilijua. Niliapa kwa kuwa nilijivuna. Plagi sikuziangalia kwa macho yangu. Niliangalia uso wa binti nikatosheka."

Akafunga siku tatu. Mimi nami nilifunga, bila kumwambia mtu. Siku ya tatu magharibi ilipoadhiniwa, Bi Mwanaidi alitandika mkeka uani kama kawaida, uji wa mtama na mihogo ya kuchoma, nami nikabaki chumbani nikitaka kufuturu na maji tu. Nikamsikia mzee akisema, "Mwite na yule mwingine aliyefunga." Nilikaa mkabala naye. Tukafuturu. Alipomaliza akafuta mikono yake, akaniambia, "Umesema kweli mbele ya wanaume wanane. Hilo limekwisha. Sasa nenda kwa aliyevunjika."

Ndivyo nilivyofika Njinjo. Mwalimu Hamisi alikuwa amerudi shuleni na hogo lake, na nilimkuta mbele ya darasa la nne, watoto sitini na zaidi, akijaribu kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa zinaanguka kama watu walevi. Nilisimama mlangoni nikamwambia nina miezi miwili bila kazi na mwandiko wangu si mbaya. Kisha akaninyooshea chaki na kuwageukia watoto. "Huyu anaitwa Dada Zuhura," alisema. "Ndiye aliyeniharibia mkono. Aliangusha kitu akaficha." Watoto wote wakanitazama. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, na wewe umemfanya nini?" Mwalimu akafikiri. "Nimempa aandike," akasema.

Wiki saba niliandika. Nilikaa nyumbani kwa dada yake, tukila kisamvu na ugali, na asubuhi nilitembea naye hadi shule nikiwa nimebeba madaftari. Alitamka, nikaandika: hesabu, jiografia, Siasa, mashairi ya watoto. Nilijifunza kuandika herufi kubwa zinazosomeka hadi safu ya nyuma. Nyakati nyingine alikuwa na hasira, hasa mkono ulipomwasha ndani ya hogo, na alinitamkia haraka kwa makusudi ili nishindwe. Sikumwomba apunguze. Siku nyingine alisahau mimi ni nani na kucheka nami, kisha akakumbuka, nikaona anavyokumbuka. Watoto waliniuliza kuhusu gari jeupe, kuhusu turbo, nikawachorea. Hakuna siku iliyopita bila mmoja wao kuniuliza kwa nini nilificha, na kila siku nilijaribu kujibu upya, maana jibu la jana halikuwatosha, na kwa kweli halikunitosha mimi pia.

Hogo lilipokatwa, mkono ulitoka mwembamba na umepinda kidogo kwenye kiwiko, na daktari alisema hautanyooka zaidi ya hapo. Ilikuwa Jumatatu. Lori la korosho la kunirudisha Kivinje lilikuwa linapakia karibu na shule, nami nilikuwa nimekwisha funga mfuko wangu. Niliingia darasani kuaga, nikachukua chaki kwa mazoea. Mwalimu Hamisi akaninyooshea kiganja, nikaiweka humo. Akaenda ubaoni. Herufi ya kwanza ilichukua muda mrefu kiasi kwamba dereva alipiga honi mara mbili. Hakugeuka. Aliandika mstari mmoja, uliopanda na kushuka kama njia ya Kipatimu, akasogea pembeni ili wauone.

"Someni," akasema.

Nikatoka nje, kwa sababu sikutaka wanione, nikasimama chini ya dirisha na mfuko wangu. Kwanza walisita. Kisha nikamsikia yule msichana wa mbele akianza peke yake, polepole, akitafuta kila herufi, na mmoja baada ya mwingine wakamfuata, mpaka darasa zima likausoma mstari ule wote bila kukosea.